Kijapani cha kale: mwongozo kamili wa kuanza kukisoma bila kukariri orodha za maneno ya samurai

Wengi tunaoingia kwenye Kijapani hamu ya maneno ya zamani inatupata njia moja. Unaangalia anime ya samurai, unasikia "sessha", "de gozaru", "katajikenai", afu unakimbilia mtandaoni kutafuta orodha. Na orodha ziko kibao. Shida ni kwamba ukishakariri maneno 100 ya namna hiyo, siku unafungua maandishi ya kale yenyewe hupati hata mstari mmoja, manake kilichobadilika sana kwenye Kijapani sio majina ya vitu, ni vile vikia vidogo vinavyobandikwa mwisho wa kitenzi. Mimi karibu mwaka mzima umeishia kwenye orodha. Kwa hiyo naandika hapa kwa mpangilio ule ambao mimi sikuupata kwa mtu, na naamini kabisa mtu akiufuata kwa miezi michache anasoma vitu ambavyo vinawapa shida hata Wajapani wenyewe waliosahau masomo ya shule.

Unachohitaji kabla ya kuanza: hiragana (herufi za silabi, aina mojawapo ya zile zinazoitwa kana) yote kichwani, kanji (herufi zilizotoka Uchina) kidogo, na sarufi ya kawaida angalau ujue -masu, -te, -nai na -ba. Zaidi ya hapo hakuna.

Kwanza tuelewane "kale" ni ipi

Lugha ya kale inayofundishwa sekondari Japani (wanaiita kobun, na bado inatoka kwenye mtihani wa taifa wa kuingia chuo) msingi wake ni lugha ya Kyoto enzi za Heian, yaani 794 mpaka 1185. Lugha ya mdomoni ikaendelea kubadilika kama lugha zote duniani, ila kwenye kuandika watu wakashikilia sarufi ileile ya kale karne kwa karne, mpaka enzi za Meiji (1868 mpaka 1912) ndo waandishi wakaanza kusema jamani tuandike kama tunavyoongea, vuguvugu hilo linaitwa genbun itchi. Sheria zilichelewa zaidi. Katiba ya 1889 iko kwenye lugha ya kale, katiba ya 1947 ina lugha ya kisasa lakini tahajia bado ya zamani, na sheria ya jinai ya 1907 ilibaki na sarufi ya kale mpaka 1995. Kwa hiyo unaposikia "Kijapani cha kale" usifikirie kitu cha makumbusho tu, mwanasheria wa Tokyo aliyeanza kazi miaka ya themanini alikuwa anakisoma kila siku ofisini.

Hatua ya 1: jifunze kutamka tahajia ya zamani

Hii ni wikiendi moja tu, usiiruke. Tahajia ilibadilishwa rasmi 1946, kabla ya hapo watu waliandika jinsi maneno yalivyotamkwa mamia ya miaka nyuma. Kanuni zenyewe:

Herufi は ひ ふ へ ほ zikiwa katikati au mwisho wa neno zinatamkwa wa, i, u, e, o. かは ni kawa (mto), いふ ni iu (kusema), まへ ni mae (mbele), かほ ni kao (uso). Na hii kanuni umeshakutana nayo siku ya kwanza ya darasa bila kuambiwa, kwa nini kiunganishi は kinaandikwa "ha" na kinatamkwa "wa"? Ni mabaki ya tahajia hiyo, mwaka 1946 walibadilisha karibu kila kitu wakaacha は, へ na を vilevile.

ゐ na ゑ ni herufi mbili zilizofutwa, zisome i na e tu. こゑ ni koe (sauti). Na を ni o hata ndani ya neno, をとこ ni otoko (mwanaume). ぢ na づ zisome ji na zu, みづ ni mizu (maji).

Halafu vokali zikigongana zinaungana: au inakuwa ō, iu inakuwa yū, eu inakuwa yō. Hapa ndo watu wanapotea kwa hiyo twende polepole. けふ. Kanuni ya kwanza inageuza fu kuwa u, unapata keu. Kanuni ya kugongana inageuza eu kuwa yō, unapata kyō, yaani leo. Vilevile てふてふ, unaisoma "tefutefu" unashangaa ni mdudu gani, kumbe ni chōchō, kipepeo.

Mwisho, kikia む mara nyingi kinatamkwa n, na maandishi ya zamani yanaweza kuacha zile nukta mbili za kugeuza ka kuwa ga, su kuwa zu, unatakiwa ujiongeze mwenyewe.

Tunajuaje matamshi ya zamani? Njia ni nyingi, ila mojawapo inanifurahisha sana kwa sababu inatugusa. Wareno. Wajesuti (wamisionari Wakatoliki) walichapisha Nagasaki mwaka 1603 na 1604 kamusi kubwa ya Kijapani kwa Kireno, maneno kama 32,000, wakaandika kwa herufi za Kilatini walivyosikia. Mtu wameandika "fito", leo ni hito. Ni Wareno walewale ambao miaka 10 tu kabla walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa.

Hatua ya 2: vikia vya vitenzi, na hapa ukae sana

Kama una muda wa hatua moja tu chagua hii. Vitabu vya shule vina jedwali refu la vikia karibu 30 na maumbo yake sita, wanafunzi wa Japani wanayaimba kama tulivyoimba tebo ya mara. Usianze na jedwali. Anza na hivi sita, kimoja kwa wiki.

zu ni ukanusho. Yukazu, haendi. Ikitangulia nomino inageuka nu: yukanu hito, mtu asiyeenda. Ndo hiyo "nu" unayoisikia kwa samurai wa kwenye TV wakisema shiranu, sijui.

nu ya pili, na hii ndo mtego mkubwa kuliko yote. Kuna nu nyingine haina uhusiano wowote na ukanusho, yenyewe ni tendo lililokamilika, kama -mesha- yetu. Yukinu, ameshakwenda. Umeona tofauti? Yukanu haendi, yukinu ameshakwenda. Ukitegua hii umetegua nusu ya maandishi, angalia vokali kabla ya nu, ikiwa a ni ukanusho ikiwa i ni ukamilifu. Kuna vitenzi ambavyo vokali haibadiliki, mfano ukenu, hapo angalia kinachofuata, kama inafuata nomino ni ukanusho kwa sababu nu ya ukamilifu mbele ya nomino inageuka nuru. Na mfano ninaoupenda ni 来ぬ, kanji ileile kana ileile, ukisoma "konu" hajaja, ukisoma "kinu" ameshakuja. Fikiria barua ya mapenzi imeandikwa hivyo.

mu ni nia au makisio. Yukamu, nitakwenda, au labda ataenda. Ukanusho wake ni ji, yukaji, sitakwenda.

ki na keri zote ni wakati uliopita, na hapa naona sisi Waswahili tuna bahati kuliko wengine. Kijuujuu vitabu vinasema ki ni jambo ulilolishuhudia, keri ni jambo ulilosikia kwa watu au umeligundua sasa hivi. Wenzetu wa lugha nyingine wanahangaika kuelewa "kugundua sasa hivi" ni wakati gani wa kitenzi, wewe sema "kumbe" imeisha hiyo. Hana nari keri, kumbe lilikuwa ua! Kwenye hadithi za kale keri inafanya kazi ya hapo zamani za kale, kwenye mashairi inafanya kazi ya kumbe.

ba, nayo ina pande mbili. Ikitanguliwa na a ni "kama", ikitanguliwa na e ni "kwa kuwa" au "kila inapokuwa". Yukaba, kama akienda. Yukeba, kwa kuwa ameenda, au alipoenda. Kijapani cha leo kimebaki na yukeba tu na kinaitumia kwa maana ya "kama", ndo maana ukisoma maandishi ya kale kwa kichwa cha leo unapotosha sentensi nzima.

beshi ni lazima, inafaa, bila shaka itakuwa. Hii iko hai, -beki ya leo ni mtoto wake. Ukiona kibao 入るべからず, hairu bekarazu au iru bekarazu, ni beshi pamoja na zu, usiingie.

Ukimaliza hizo ongeza viwili vya msisitizo, zo na koso. Kazi yake ni kama ndi- yetu ya ndiye, ndicho, ndipo. Koso unaijua tayari: ukimwambia Mjapani asante anakujibu kochira koso, yaani mimi ndiye wa kushukuru. Zamani vikitokea hivi, kitenzi cha mwisho kinabadilisha umbo, kwa hiyo ukiona sentensi imeisha kwa umbo la ajabu rudi nyuma utafute zo au koso.

Hatua ya 3: maneno yenye sura unayoijua na roho nyingine

Neno usilolijua halina hatari, utafungua kamusi. Hatari ni neno unalodhani unalijua. Tengeneza daftari la haya peke yake.

Utsukushi, leo ni -zuri wa sura, Heian ilikuwa kitu kidogo cha kupendeza hadi unataka kukibeba, kitoto, kifaranga. Okashi, leo ni kichekesho au ajabu, zamani kitu cha kuvutia, cha kuburudisha akili. Kanashi, leo huzuni, zamani pia mpenzi wa roho, mtu unayempenda mpaka inauma, na ukifikiria hizo maana mbili haziko mbali hata kidogo. Odoroku, leo kushangaa, zamani mara nyingi ni kushtuka usingizini, kuamka. Yagate, leo hatimaye baada ya muda, zamani palepale, papo hapo. Ashita, leo kesho, zamani asubuhi, na Kiswahili nacho kinatuonyesha jinsi siku zinavyohama manake mtondo na mtondogoo vijana wengi wa mjini hawana uhakika ni siku ngapi. Niou (imeandikwa nihofu), leo kunukia, zamani kung'aa kwa rangi. Hii shika, tutaihitaji mwishoni.

Kisha kuna yale unayoyatumia kila siku. Arigatō inatoka arigatashi, ari kuwepo na katashi ngumu, jambo gumu kutokea, nadra. Kwa hiyo unaposhukuru unasema "hii ni nadra". Kikia hichohicho gatashi kipo kwenye tangazo la mfalme redioni tarehe 15 Agosti 1945, taegataki o tae, shinobigataki o shinobi, kustahimili yasiyostahimilika na kuvumilia yasiyovumilika. Tangazo lile lilikuwa la lugha ya kale ya kitawala, neno kushindwa vita halikutajwa waziwazi, redio inakwaruza, na watu wengi wa kawaida waliosimama kusikiliza hawakuelewa mpaka mtangazaji alipofafanua. Kila nikikumbuka hilo naona umuhimu wa kujua vikia hivi, taifa zima linaambiwa vita imeisha na wengi hawajui kilichosemwa.

Na sayōnara ni sayō naraba, "kama ni hivyo". Saraba ya samurai ni sa araba, vilevile kama ni hivyo. Angalia hiyo a kabla ya ba, ni ileile ya hatua ya 2. Sisi tunaagana "haya basi", wao "kama ni hivyo", mwendo mmoja.

Hatua ya 4: sasa ndo samurai

Fupi tu. Sessha ni mimi wa kujishusha wa samurai, soregashi karibu vilevile, warawa ni mimi wa mwanamke wa kujishusha, chin ni mimi wa mfalme peke yake. Onushi na sonata ni wewe. Katajikenai asante, gyoi "kama ulivyoamuru", kusemono mtu mgeni mwenye nia mbaya kaingia, gozaru ndo mzazi wa gozaimasu. Jihadhari na kisama na omae, zote zilikuwa za heshima, omae maana yake ni mbele ya mtukufu, lakini leo kisama ni tusi la kuanzisha ugomvi.

Ujue pia lugha nyingi za kwenye anime sio kale ya kweli. Mwanaisimu Kinsui Satoshi ameziita yakuwarigo, lugha za uhusika: mzee wa anime anasema washi na ja, wakati wazee wa kweli wa Tokyo hawaongei hivyo, ni mwangwi wa enzi za Edo (kabla ya Meiji) ambapo wazee na wasomi walishikilia lugha ya magharibi ya Japani wakati vijana wameshahamia ya mjini. Furahia, ila usichukue kama sarufi. Na kazini usimwambie bosi wako sessha. Mahali pa kutumia kale kwa dhati ni kwenye haiku na tanka (mashairi mafupi ya Kijapani), watu wapo mpaka leo wanatunga kwa sarufi na tahajia ya zamani na hakuna atakayekushangaa.

Hatua ya 5: fanyia mazoezi kwenye methali

Hapa najua tutaelewana. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Kila mtu anaijua, ila muulize mtu wa bara ngama ni nini. Methali inabeba neno la mabaharia hata kwa mtu ambaye hajawahi kupanda jahazi. Kijapani ni hivyohivyo, methali ndo ghala la vikia, na kila moja ni fupi, kwa hiyo chukua moja kwa siku uivunje vipande.

Isogaba maware. Isogaba, a kabla ya ba, kwa hiyo "kama una haraka". Maware, zunguka. Ukiwa na haraka pita njia ya mzunguko, ndo haraka haraka haina baraka yao.

Sumeba miyako. Sumeba, e kabla ya ba, sio "kama" bali "ukishakaa". Ukishakaa mahali panakuwa mji mkuu kwako. Sasa mtu akiibadilisha akasema sumaba miyako inakuwa "kama ni kuishi basi jiji kuu", herufi moja imegeuza methali ya kuridhika kuwa ya tamaa.

Shiranu ga hotoke. Nu ya ukanusho, asiyejua ni Buddha, yaani anakaa na amani yake. Sisi tunasema usilolijua ni usiku wa giza, tunapingana kabisa, na ubishi huo ni mtamu ukikaa na Mjapani.

Nasake wa hito no tame narazu. Nari pamoja na zu, "sio". Huruma sio kwa ajili ya mtu mwingine, maana yake wema utakurudia wewe mwenyewe. Lakini Wajapani wengi wa leo wanaielewa kwamba kumhurumia mtu hakumsaidii, na uchunguzi wa idara ya utamaduni ya serikali yao mwaka 2010 ulikuta waliopata na waliokosa wako karibu nusu kwa nusu. Usione aibu ukikosea, lugha hii inawapiga chenga wenyewe.

Hatua ya 6: vifaa

Kamusi ya kawaida haitoshi kwa sababu inakupa maana ya leo. Tafuta kamusi ya maneno ya kale, kogo jiten (古語辞典), Weblio wanayo ya bure mtandaoni, na Kotobank inakupa pia mifano ya maandishi ya zamani. Kwa maandishi yenyewe nenda Aozora Bunko, maktaba ya bure ya vitabu vilivyoisha haki miliki. Kila kitabu kina kadi inayosema aina ya maandishi, wewe chagua 新字旧仮名, kanji mpya tahajia ya zamani, ukizoea uhamie 旧字旧仮名 ambako kanji nazo ni za zamani. Kama umepata picha ya maandishi ya mkono yale yaliyoviringika kama minyoo, kuna programu ya simu ya bure inaitwa miwo, ilitoka 2021, unapiga picha inakubadilishia kuwa herufi za kawaida. Haipatii kila kitu ila inakusogeza.

Hatua ya 7: soma shairi zima

Kuna shairi linaitwa Iroha, maandishi ya zamani zaidi yaliyobaki yenye shairi hili ni ya 1079. Limetumia kila kana ya wakati huo mara moja tu, jumla 47, bila kurudia hata moja, na bado lina maana ya kina. Limetumika karne nyingi kama alfabeti.

いろはにほへと ちりぬるを
わかよたれそ つねならむ
うゐのおくやま けふこえて
あさきゆめみし ゑひもせす

Funika ninachoandika hapa chini kwanza, jaribu mwenyewe kwa kanuni za hatua ya 1, kumbuka nukta hazijawekwa.

Mstari wa kwanza: iro wa nioedo, chirinuru o. Nioe ni ile niou ya kung'aa, do ni "ingawa", nuru ni nu ya ukamilifu, na imetanguliwa na i. Ingawa rangi inang'aa, ua limeshapukutika.

Wa pili: waga yo tare zo, tsune naran. Zo yetu ya msisitizo, na mu imetamkwa n. Katika ulimwengu wetu huu, ni nani ndiye atakayedumu?

Wa tatu: ui no okuyama, kyō koete. Kefu imekuwa kyō. Ui ni neno la Kibuddha, mambo yote yanayotokea kwa sababu na yanayopita. Milima ya ndani kabisa ya mambo yapitayo, leo tunaivuka.

Wa nne: asaki yume miji, ei mo sezu. し imesomwa ji, ukanusho wa mu, na kuna wanaoisoma shi, umbo la ile ki ya wakati uliopita, kwa sababu nukta haipo na shairi halisemi. Wengi wanasoma ji, nami niko nao. Hatutaota tena ndoto za juujuu, wala hatulewi.

Ukifika hapo na umeelewa kwa nini nuru sio ukanusho na sezu ni ukanusho, fungua Aozora usiku huohuo uchague kitu kifupi, ukurasa mmoja tu, uanze kupigia mstari kila nu unayoiona.